Herufi kubwa ya Mũthoni: Namna kompyuta zinavyopoteza majina yetu

KARANI alinitazama kwa huruma, kisha akaigeuza skrini ili nijionee mwenyewe.

"Mwalimu, nimetafuta mara tatu. Huyu mtoto hayuko."

Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la ofisi moja mjini Kajiado, na kando yangu alikuwa mama mmoja jirani yangu wa Kitengela. Tulikuwa tumepanda matatu alfajiri, tukapita Isinya jua likichomoza, kwa sababu ya karo. Bintiye yuko kidato cha tatu. Jina lake nalisitiri. Hapa tumwite Mũthoni. Mama alikuwa amemwombea basari, na ombi likapokelewa. Lakini lilipolinganishwa na orodha ya wanafunzi iliyotoka shuleni, kompyuta ilisema hakuna mwanafunzi wa jina hilo.

"Hayuko vipi, na mimi ndiye namlipia karo?" mama aliuliza. "Hata jana alikuwa shule."

Karani hakuwa na kiburi. Aliandika tena jina kama lilivyokuwa kwenye fomu: MŨTHONI. Hakuna. Akaandika MUTHONI, bila alama. Hakuna. Nikaomba tuangalie orodha ya shule iliyochapishwa kwenye karatasi. Jina lilikuwa pale pale, limeandikwa vizuri kabisa: Mũthoni. Binadamu watatu tuliliona. Mashine haikuliona.

Msomaji mpenzi, safu hii kwa kawaida hushughulikia sarufi, fasihi na matumizi ya lugha. Leo naomba tuingie kidogo ndani ya kompyuta, kwa kuwa kosa lililomkuta binti huyu ni la lugha kabla ya kuwa la mashine. Swali letu ni dogo: herufi kubwa ya ũ ni ipi, na nani alimwambia nani?

Tuanze na alama yenyewe. Kiswahili sanifu kina irabu tano, na alfabeti ya Kilatini ina herufi tano za irabu, kwa hivyo hatujawahi kubanwa. Kikuyu kina irabu saba. Kikamba pia kina saba. Waliosanifu maandishi ya lugha hizo walizikuta herufi tano zikihitajika kubeba sauti saba, wakaweka alama ya wimbi juu ya mbili kati yake: ĩ na ũ. Asiyekijua Kikuyu akisikia jina la binti huyu likitamkwa sawasawa, huenda akaliandika "Mothoni", maana ũ hutamkwa karibu na o yetu. Alama ile basi si pambo. Inafanya kazi ile ile inayofanywa na ritifaa katika neno ng'ombe, ambayo huitenga sauti ya ng' na ile ya ngoma.

Kimaasai, lugha ya wenyeji wa Kajiado, kina irabu tisa. A. N. Tucker na John Tompo ole Mpaayei walizieleza katika sarufi yao ya mwaka 1955. Wanaisimu wanapozitenganisha kwa maandishi hutumia herufi kama ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, pamoja na ŋ, na juu yake huongeza alama za toni, kwani katika Kimaasai toni inaweza kuonyesha ni nani mtenda na nani mtendwa. Maandishi ya kila siku mara nyingi huziacha alama hizo. Hata jina Kajiado lina historia ya kupoteza sauti zake: linatokana na Olkejuado, yaani mto mrefu, na baraza la zamani la eneo hili lilijulikana kama Olkejuado County Council.

Sasa tuje kwenye herufi kubwa. Wengi wetu tunadhani ukubwa na udogo wa herufi ni sehemu ya lugha. Sivyo. Ni desturi ya hati. Wazee wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika tenzi na barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu karne na karne bila herufi kubwa hata moja, na hakuna kilichoharibika. Herufi kubwa zilikuja na hati ya Kilatini. Tukijifunza shule ya msingi kwamba a na A ni herufi moja yenye nguo mbili, tunajifunza jambo ambalo halionekani kwa macho. Mtoto huambiwa. Kompyuta nayo lazima iambiwe.

Kompyuta haioni maumbo, inaona nambari. Katika mfumo wa ASCII, uliotokea Marekani miaka ya 1960, A ni 65 na a ni 97. B ni 66 na b ni 98. Ukienda hivyo hadi Z, tofauti ni 32 daima. Kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa ilikuwa hesabu ya darasa la pili: toa 32. Mfumo huo ulikuwa na nafasi 128 tu, na herufi zake zilikuwa zile 26 za Kiingereza. Kiswahili kiliingia humo chote, na ritifaa yake, bila kuacha hata kidole nje. Ndiyo maana sisi wa Kiswahili tulilala usingizi mnono huku majirani zetu wakipata shida.

Leo tuna Unicode, orodha kuu inayoipa kila herufi ya lugha za dunia nambari yake. Humo, ũ ni 361 na Ũ ni 360. Tofauti ni moja. Lakini ɨ ya Kimaasai ni 616, na herufi kubwa yake Ɨ ni 407. Nayo ɛ ni 603, na Ɛ ni 400. Hakuna hesabu moja inayoweza kuzikusanya. Panahitajika jedwali linalosema hii ni kubwa ya ile, tena linalosema hivyo kwa kuzingatia lugha. Jedwali hilo, pamoja na kanuni za kupanga maneno kialfabeti, hufikiwa kupitia mpangilio wa lugha na mahali ambao mafundi huuita lokali. Programu ya kuhifadhi data, au hifadhidata, inapoundwa, huambiwa itumie lokali gani. Mara nyingi ni mstari mmoja tu wa maagizo, unaoandikwa siku ya kwanza na kusahaulika.

Jioni hiyo, niliporudi Kitengela, nilimtafuta kijana mmoja niliyemfunza Kiswahili zamani na ambaye siku hizi huandika programu. Tulikutana kwenye kibanda cha chai karibu na steji. Nilimweleza yaliyotokea, naye akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Mwalimu, hapa hakuna uchawi. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotolewa bure na inayotumika kote duniani, akaunda hifadhidata mbili. Ya kwanza aliipa lokali iitwayo C, jina lililotokana na lugha ya kuprogramu ya C. Akaiagiza igeuze Mũthoni kuwa herufi kubwa. Jibu lilikuwa hili: MũTHONI.

Tazama vizuri. Herufi zote zimesimama wima isipokuwa moja, ambayo imebaki imechutama katikati ya wenzake. Kisha akaiagiza igeuze MŨTHONI kuwa herufi ndogo. Ikatoa mŨthoni. Chini ya lokali ya C, hifadhidata hiyo huzijua zile herufi 26 za ASCII peke yake. Ikikutana na ũ haikatai, hailalamiki, wala haitoi onyo. Inaipita tu.

"Sasa uko na jibu lako," kijana alisema. "Watu wengi wakitafuta jina, wanageuza pande zote mbili ziwe herufi ndogo ndiyo zilingane. Orodha ya shule ikawa mũthoni. Fomu ya mama ikawa mŨthoni. Kwa kompyuta hao ni watu wawili."

Mama alikuwa ameijaza fomu kwenye saiba hapa Kitengela. Fomu iliagiza majina yaandikwe kwa HERUFI KUBWA, naye akatii. Shule iliandika kwa kawaida, herufi kubwa mwanzoni tu. Wote wawili waliandika jina sahihi. Aliyekosea hakuwa mwandishi yeyote. Lilikuwa jedwali lililokosekana.

Hifadhidata ya pili aliipa lokali inayofuata majedwali ya Unicode. Mũthoni ikawa MŨTHONI, na MŨTHONI ikawa mũthoni. Utafutaji ukafaulu mara ya kwanza. Tofauti kati ya hifadhidata hizo mbili ilikuwa ule mstari mmoja wa siku ya kwanza.

Nilimuuliza kwa nini basi mtu achague C. Hapa inafaa tuwe waadilifu, kwani C si uzembe daima. Hupanga data kwa kasi, na mpangilio wake haubadiliki kamwe. Lokali nyingine hubadilika pale mfumo wa kompyuta unaposasishwa. Mwaka 2018, toleo la 2.28 la maktaba ya glibc inayotumika kwenye mifumo ya Linux lilibadilisha utaratibu wa kupanga maneno, na faharasa za hifadhidata nyingi zikaacha kuaminika hadi zilipojengwa upya. Fundi aliyewahi kuungua hivyo ana sababu ya kupenda C. Lakini wengine huipata bila kuichagua: seva ikiwa haijaelezwa lugha yoyote, C ndiyo hubaki.

Hata hivyo C ina gharama nyingine. Inapanga majina kwa nambari za herufi. Kwa kuwa ũ ina nambari kubwa kuliko z, jina Mũthoni hupangwa baada ya Mwende na Mzungu, mwisho kabisa wa majina ya M. Mzazi anayesoma orodha iliyobandikwa ukutani hutafuta kati ya Musyoka na Mutiso, asione kitu, akaenda zake.

Utauliza, kwa nini kusiwe na jedwali moja la dunia nzima, tukaachana na habari ya lugha? Jibu linatoka Uturuki. Kituruki kina i mbili: moja yenye nukta na nyingine isiyo nayo. Yenye nukta, i, herufi kubwa yake ni İ, na nukta inabaki. Isiyo na nukta, ı, kubwa yake ni I. Kwa hivyo programu iliyopangiwa Kituruki ikipewa neno kitengela huligeuza kuwa KİTENGELA, na ikipewa KAJIADO hushusha kajıado. Kwa Mturuki huo ndio usahihi. Kwetu ni kosa. Herufi kubwa ya i inategemea unaandika lugha gani, na hilo mashine haiwezi kulibashiri.

Si ũ pekee inayoteseka. Ziko programu zenye kazi ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, na nyingi huhesabu kila kisicho herufi kuwa mpaka wa neno. Mpe mashine hiyo jina ng'ang'a, itakurudishia Ng'Ang'A. Kwake ritifaa imeligawa jina katika vipande vitatu. Neno ole, ambalo katika majina mengi ya Kimaasai huandikwa kwa herufi ndogo kama tulivyoliona katika jina la Mpaayei, nalo hukuzwa kwa lazima. Chukua jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye riwaya zake za kwanza zilitoka kwa jina la James Ngugi, na ambaye aliyapa majina ya uzawa uzito mkubwa maishani mwake. Mashine ya aina ya kwanza itamwita NGũGĩ WA THIONG'O. Ya pili itamwita Ngũgĩ Wa Thiong'O.

Wengi huona njia ya mkato: ondoa alama zote, kila mtu aandike Muthoni, tumalize maneno. Nafahamu mvuto wake. Hata ujumbe mfupi wa simu una tamaa hiyo. SMS ya kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiweka ũ moja tu ndani yake, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi zinashuka hadi 70. Shule inayotuma ujumbe kwa wazazi mia tano italipa zaidi kwa sababu ya kiwimbi kimoja. Lakini kufuta alama hakukuondoa tatizo Kajiado. Karani alitafuta MUTHONI na bado hakupata, kwani upande wa pili alama ilikuwepo. Kuifuta upande mmoja ni kuongeza umbo la tatu la jina lile lile.

Kuna njia iliyo bora kuliko kufuta, nayo ni kutenganisha kuhifadhi na kutafuta. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe alivyoliandika, lisiguswe. Kwa ajili ya kutafuta, mashine itengeneze pembeni umbo jingine lisilojali alama wala ukubwa wa herufi. MySQL, hifadhidata nyingine maarufu, tangu toleo la 8.0 hulinganisha hivyo kwa chaguo-msingi: kwake Mũthoni, MŨTHONI na Muthoni hulingana. Hilo husaidia kutafuta, ila lisitumiwe kuamua kwamba watu wawili ni mmoja. Kazi hiyo ni ya nambari ya usajili.

Upande wa Kimaasai kazi ni nzito zaidi. Herufi ʉ ilikuwa katika Unicode tangu miaka ya 1990, kwa kuwa wanafonetiki waliihitaji katika maandishi yao ya sauti. Lakini kubwa yake, Ʉ, iliingia katika toleo la 5.0, mwaka 2006. Kabla ya hapo, hata fundi mwenye nia njema asingeweza kuigeuza kuwa kubwa; ilikuwa herufi ndogo isiyo na mwenzake. Zaidi ya hayo, ũ ya Kikuyu inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama u ikifuatwa na alama ya wimbi inayojishikiza juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni viwili hadi visawazishwe. Kimaasai hakina hata uchaguzi huo pale alama ya toni inapokaa juu ya ɨ, maana umbo hilo halina nambari yake peke yake. Lazima liungwe.

Habari njema ni kwamba zana zipo. Hazina ya data za lugha ya Unicode, iitwayo CLDR, ina mipangilio ya Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kimeru, na ya Kimaasai kwa Kenya na kwa Tanzania. PostgreSQL imeruhusu majedwali ya Unicode kuwa msingi wa hifadhidata nzima tangu toleo la 15, mwaka 2022. Toleo la 17 la mwaka 2024 lilileta lokali ya C.UTF-8, inayopanga kwa kasi ya C na bado inajua kwamba kubwa ya ũ ni Ũ. Mwenye hofu ya faharasa kuharibika sasa ana pa kukimbilia.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na ilinde uanuwai wa lugha za Wakenya, na iendeleze matumizi ya lugha za kiasili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kurekebishiwa data yake isiyo sahihi. Tunapozisoma, tunafikiria vitabu, redio na madarasa. Mimi sasa nafikiria pia ule mstari mmoja wa siku ya kwanza. Anayeuandika anafanya sera ya lugha, ajue asijue. Ombi langu kwa wanaonunua au kuunda mifumo ya shule, vyama vya akiba na zahanati ni dogo: kabla ya kuipokea, jaribu majina matano. Weka Mũthoni, Kĩlonzo, Ng'ang'a, ole Mpaayei, na neno moja la Kimaasai lenye ʉ. Yageuze kuwa makubwa, yarudishe kuwa madogo, kisha uyatafute. Dakika kumi zinatosha.

Na Mũthoni je? Karani hatimaye alimpata kwa nambari ya usajili, akarekebisha kwa mkono, akatuomba radhi. Lakini orodha ya muhula huo ilikuwa imefungwa, jina likasukumwa hadi muhula uliofuata. Mama aliuza mbuzi wawili, binti akabaki shuleni. Yule mwanafunzi wangu naye aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, nami nikayafikisha dirishani Kajiado.

Tukirudi siku ile ndani ya matatu, mama alinyamaza hadi tukapita Isinya. Kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, wakati mwingine niandike bila hiyo alama, ama?"

Sikumjibu upesi. Mwalimu wa lugha ana jibu lake tayari, lakini mbuzi walikuwa wa mama, si wangu. Nilimuuliza jina hilo lilitoka wapi. Akasema ni la mamake, nyanyake msichana, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu.

"Basi liandike kama linavyotamkwa," nikamwambia. "Na kando yake, kwa maandishi makubwa, weka ile nambari ya usajili."